Madaktari Wetu Wote Hawajambo

6 Februari

Kwa Shangazi yangu, Mheshimiwa Hakimu mstaafu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta barazani, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, tayari kunisahihisha. Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi wangu wote uko kwako. Mdogo wangu naye mzima. Alinipitia Jumapili, akala kila kilichokuwa na kifuniko jikoni, akaniambia nimekonda, akaondoka. Chuo chao cha ufundi kimefunguliwa na mwaka huu watafundishwa umeme wa majumba, kwa hiyo tujiandae kukaa gizani.

Umesema simu ni ya kutangaza misiba na kuuliza bei tu, basi nakuandika kama ulivyoamuru. Habari yenyewe inastahili karatasi. Hospitali yetu imegundua kwamba madaktari wanaosomea ubingwa ni binadamu. Unatujua sisi: udaktari tumeshaupata, ubingwa bado, kwa hiyo mchana tunafokewa kama wanafunzi na usiku tunaachiwa hospitali nzima kama wakubwa. Sasa Mkurugenzi ametangaza Mwezi wa Ustawi wa Madaktari.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na hema na viti vya kukodi kwa ajili ya wageni, na jua kwa ajili yetu. Tulipangwa mistari tukiwa na fulana za kijani zilizoandikwa NAJIJALI kifuani, zote za saizi moja, ile kubwa kuliko zote, tukaonekana kama nguo zilizoanikwa. Nusu yetu tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, na tulikatazwa kwenda kulala mpaka sherehe ya kutuhimiza tulale iishe. Mkurugenzi alizungumzia umuhimu wa mapumziko hadi kipaza sauti chenyewe kikachoka, kikaanza kukoroma.

Kisha akaletwa mwalimu wa kupumua. Kumbe miaka yote hii tunapumua vibaya! "Vuteni pumzi, izuieni, fikirieni mahali penye amani." Mwenzangu wa chumba, yule dada tunayemwita Mlingoti kwa urefu wake, alivuta pumzi, akafikiria mahali penye amani, akalala hapo hapo wima. Alipoanguka, mwalimu alisema huyo ndiye aliyefanya zoezi vizuri kuliko wote. Tukapiga makofi.

Lakini kiboko ya yote ni Chumba cha Utulivu. Unakumbuka nilikueleza kile chumba kidogo nyuma ya wodi ya wanaume, chenye vitanda viwili vya chuma, ambamo aliye zamu huweza kuegesha mgongo? Ndicho hicho. Vitanda wameviondoa. Wameweka zulia, vimito vya kukalia, na picha ya maporomoko ya maji ambayo kazi yake kubwa ni kumkumbusha mtu haja ndogo. Ufunguo anao Afisa Ustawi, mama mmoja aliyehamishwa kutoka ofisi ya magari, nasi tunamwita Mama Ustawi. Anafunga saa kumi jioni anapokwenda kwake kupumzika. Kwa hiyo sasa utulivu tunao, pa kulala hatuna.

Nacheka tu, usidhani nalalamika. Kazi naipenda. Wiki iliyopita nilitoa kidole tumbo mwenyewe, Profesa amesimama nyuma yangu amekunja mikono, na hakusema neno. Kwake hiyo ni sifa.

Nisalimie Baba na wote wa hapo.

Mwanao,
Kiwembe


21 Februari

Kiwembe mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa upande. Daktari wa upasuaji anayeshindwa kukunja karatasi ananitia mashaka. Mimi sijambo kabisa. Hapa nyumbani sote hatujambo. Baba yako amenunua redio ya pili ili aisikilize ile ya kwanza ikishindwa kushika, na sasa zote mbili hazishiki, lakini yeye hajambo.

Nimecheka. Huyo Mkurugenzi wenu namjua ingawa sijawahi kumtia machoni. Watu wa aina yake nilikuwa naletewa kila Jumatatu: kachukua kitu cha mtu, kakipaka rangi, anataka kumuuzia mwenyewe. Mnavishwa kilemba cha ukoka, na fulana juu yake. Angekuwa mbele yangu huyo, ningempa miezi sita ya kulala kwenye vimito vyake.

Sasa sikiliza. Kucheka sawa, kudeka hapana. Mimi nimewahi kusikiliza shauri nikiwa na homa ya kutetemeka, mshitakiwa akadhani natetemeka kwa hasira, akakiri kila kitu. Sikwenda kumwambia Jaji kwamba sipumui vizuri. Katika ukoo wetu wametoka mafundi cherehani, makarani, mlevi mmoja mashuhuri na hakimu mmoja, ambaye ni mimi. Daktari bingwa hajatoka. Mchora mabango nimeshampa kazi na ameimaliza: DAKTARI BINGWA WA UPASUAJI, herufi nyeupe juu ya buluu. Limeegemezwa ukutani sebuleni na kila anayeingia analisoma kabla hajaketi. Mama wa duka la hapa jirani, ambaye mwanawe aliacha udaktari katikati na sasa anatengeneza simu, analisoma kwa jicho moja. Kwa hiyo lala umesimama kama farasi ukipenda, mradi umalize.

Jambo dogo. Kuna jirani mmoja hapa, si lazima umjue, kiatu kilimbana kidole cha mguu tangu kabla ya mwaka mpya na kidonda hakifungi. Apake nini? Jibu kwa ufupi, si mtu wa kupenda maelezo.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Huku wote wazima. Mdogo wangu mzima, ameunguza kidole kimoja tu kwenye masomo yake ya umeme. Mlingoti mzima. Paka wa korido ya wodi ya wanawake mzima na amezaa tena, yeye ndiye pekee katika jengo hili mwenye likizo ya uzazi isiyojadiliwa.

Nikupe la mwaka. Mwezi wa Ustawi ulipaswa kumalizika kwa uchunguzi wa hali za madaktari. Mama Ustawi akapewa kalamu na karatasi, akapita wodi kwa wodi. Kila akimkuta mmoja wetu anasimama mbele yake, anatabasamu, anauliza, "Daktari, hujambo?" Na daktari anajibu, "Sijambo." Mama Ustawi anaweka alama, anakwenda kwa mwingine.

Basi, huo ndio uchunguzi wenyewe. Alimuuliza mmoja aliyekuwa ameinamia sinki anatapika kwa uchovu. Alinyanyua kichwa akasema, "Sijambo, mama, shikamoo." Alimuuliza mwingine aliyekuwa analia nyuma ya kabati la dawa. "Sijambo." Mimi nilikuwa sakafuni nimeegemea ukuta, viatu nimevua, sijui hata nilikuwa naelekea wapi nilipokaa. "Sijambo." Wote tumepata alama. Sasa kwenye lango kuu kuna bango kubwa lenye picha ya Mkurugenzi anacheka hadi magego yanaonekana: MADAKTARI WETU WOTE HAWAJAMBO. Wagonjwa wanalisoma wakipitishwa kwenye machela, na naamini linawapa moyo.

Na kosa ni letu, ndilo linalonichoma. Tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza hujambo humfungulii moyo, unasema sijambo upite. Juzi aliletwa fundi mwashi aliyeangukiwa na ukuta. Nilimuuliza, "Hujambo, mzee?" Akasema, "Sijambo, daktari," akazimia. Ndiyo maana wodini hatuishii hapo, tunauliza swali la pili: unaumwa wapi? Mama Ustawi hana swali la pili. Alipokuwa ofisi ya magari gari lilikuwa ama linawaka ama haliwaki.

Kuhusu jirani yako, asipake kitu. Aende hospitali apimwe sukari, kidonda cha mguu kisichofunga si cha kuchezea. Asikitie kwenye maji ya moto wala asikikate mwenyewe. Mwambie ni amri ya daktari.

Kiwembe


14 Aprili

Kiwembe,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Baba yako amemrudishia fundi redio moja na kurudi na ya tatu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa kucheka na ya pili kwa kazi. Umenitajia mdogo wako mzima, rafiki yako mzima, paka mzima na watoto wake. Nimetafuta jina lako katika orodha ya wazima, sikuliona. Mwezi wa pili lilikuwepo, mstari wa tatu. Mimi nimekaa kwenye kile kiti mpaka nywele zikabadilika rangi. Shahidi akinitajia kila aliyekuwamo chumbani na kujiruka mwenyewe, najua wa kumgeukia. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu kama ulivyomjibu yule mama wa magari: wewe je?

Jibu lako nitalisoma hata likiwa baya. Ila usiniandikie kwamba unaacha. Hilo tu. Kuchoka kila mtu huchoka. Bango liko hapa, watu wanalisoma, na mama wa duka juzi amesema kwa sauti nisikie kwamba "mabango huchorwa mapema siku hizi." Sitaki kumpa furaha hiyo, maana hajui kuitumia vizuri.

Na jirani yangu amekataa kwenda hospitali. Anasema foleni ni ndefu na madaktari wenyewe wanalala wima. Kidole kimekuwa cheusi kidogo kwenye ncha, lakini hakimuumi hata chembe, kwa hiyo anaona anapona. Kama kuna dawa ya kupaka sema, kama hakuna tuache kumzungumzia.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mdogo wangu mzima. Mimi si mzima.

Barua yako ilifika Aprili ile ile. Niliifungua mara tatu, na kila nikiifungua nilisinzia kabla ya kugeuza ukurasa. Imekaa kwenye mfuko wa koti langu jeupe mpaka ikatoka madoa. Ukurasa wa pili nimeusoma leo, na nitaufikia.

Umeuliza mimi je. Mwezi uliopita alitufia mzee mmoja mezani, utumbo ulikuwa umepasuka na aliletwa amechelewa. Profesa alivua glovu akaniambia, "Nenda kawaambie." Hiyo ndiyo kazi ya sisi tunaosomea, yeye ana mikutano. Nilikuwa sijalala tangu juzi yake. Kwenye benchi la korido kulikuwa na familia mbili. Nikaenda kwa wa kwanza, nikawaamkia vizuri kabisa. "Hamjambo?" Wakasema, "Hatujambo, daktari." Nikawaambia baba yao amefariki. Nilisema maneno yote tunayofundishwa, kwa ile sauti tunayofundishwa. Mama yao akashuka kwenye benchi mpaka chini. Binti yake akaniuliza, "Lakini si alikuwa na ngiri tu?" Nami nikamjibu kwamba tumejitahidi sana.

Ngiri, Shangazi. Aliniambia wazi, nami sikusikia. Wale wa pili wakasogea kuwashika mikono. Kulikuwa na bibi mmoja mnene, mpole, akavua mtandio wake akamfunika yule mama pale chini, akawa anamwambia, "Pole dada, jikaze, tuko pamoja." Huyo bibi ndiye aliyefiwa. Alikuwa anamfariji mke wa mtu aliye hai, na muuguzi akaja mbio kutoka wodini kuniambia mzee wa ngiri ameamka anaomba maji. Ikabidi nigeuke pale pale, kwenye benchi lile lile, nianze upya.

Unataka kujua nilihisi nini? Sikuhisi kitu. Nilikuwa nautazama ule mtandio nikiwaza kwamba ungetosha kujifunika.

Yule binti wa mzee wa ngiri alinitukana mbele ya watu wote na alikuwa na haki. Hospitali haikunitukana, ilinipeleka kwa Mama Ustawi, akanifundisha kupumua. Nikamfuata Profesa mwenyewe, wakati wa kupita wodi, wenzangu wote wamemzunguka. Nikamwambia, "Profesa, mimi si mzima." Akanitazama juu ya miwani. "Hapa asiye mzima analazwa, daktari. Kitanda unacho?" Wakacheka. Nami nikacheka, unaamini? Hata Mlingoti alicheka, halafu jioni akaja kuniomba radhi, akalala katikati ya radhi yenyewe.

Nikaenda ofisi ya utumishi. Anayesomea ubingwa akiumwa zaidi ya wiki moja anarudia mwaka mzima. Karani alinionea huruma, akanisomea kanuni zote kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi, na alichokipata ni hiki: daktari ana haki ya wiki sita za kuuguza jamaa wa karibu bila kupoteza chochote. Yaani mtu mwingine akiumwa, ruhusa ninayo. Nikiumwa mimi, sipo kwenye kitabu chao. Waliokiandika hawakuwahi kufikiria kwamba daktari ana mwili.

Nimebakiza mwaka na nusu na nataka kuacha. Umesema nisiliandike, nimeliandika. Bango lako ligeuze lielekee ukutani, na mama wa duka mpe salamu zangu.

Sasa ukurasa wa pili. Kidole cheusi kisichouma hakiponi, kimekufa. Na huyo jirani ni nani? Mtaa wako naujua. Mama wa duka anazunguka mtaa mzima kutwa kucha akitafuta wa kumsema. Mzee wa pembeni havai viatu vya kubana, anavaa ndara mwaka mzima. Mtu mmoja tu mtaani hapo ana viatu vyembamba vyeusi vya mahakamani alivyokataa kuvistaafisha. Mtu huyo huyo hapendi foleni wala maelezo. Shangazi, kidole hicho ni cha nani?

Kiwembe


3 Juni

Kiwembe,

Marahaba. Mimi sijambo. Hapana, nimelikata hilo, liache hivyo hivyo ulione.

Kidole ni changu. Sitaki kelele. Sasa ni vidole viwili. Baba yako hajui, maana huyo kitu kisichotoa sauti hakioni, na nimekuwa nikikaa barazani kutwa nzima nimefunika miguu kwa shuka, watu wanadhani ni utu uzima. Nilijua ni cha hatari tangu uliponiandikia Aprili. Niliogopa wewe ukijua utaacha kazi uje, na mama wa duka aseme daktari wetu alipata kisingizio. Ndiyo hivyo. Nimeandika, tuendelee.

Nimeisoma habari ya benchi mara moja tu. Huyo bibi mwenye mtandio siwezi kumtoa kichwani. Nakwambia kitu ambacho nisingemwambia mtu aliyesimama mbele yangu: nililia, na baba yako akapunguza redio kuuliza kulikoni. Nilimwambia ni vitunguu, akaipandisha.

Na huyo Profesa! Mtu mzima, kasoma mpaka kusoma kwenyewe kumemkimbia, anaambiwa na mtoto wa watu "si mzima" naye anatafuta wa kumchekea. Nimeona majambazi waliokuwa na haya kuliko huyo. Jambazi angalau anakimbia. Yeye anapita wodi.

Sasa amri zangu. Kwanza, kuhusu kuacha sitoi hukumu. Hakimu hasikilizi shauri la mtu anayesinzia kizimbani, hurudisha mtu rumande akalale, wamlete akiwa na akili. Utalala kwanza, ndipo utaniambia unaacha au huachi, nami nitasikiliza, na vyovyote utakavyosema nitatia sahihi.

Pili, umesema kitabu chao kinajua daktari anayeuguza, hakimjui daktari anayeugua. Vizuri sana. Mgonjwa wanamtaka, ninaye. Nenda kwa huyo karani mwema, mwambie shangazi yako aliyekulea ana mguu unaooza, na ushahidi uko mwishoni mwa mguu wenyewe. Wakibisha nitawapelekea waunuse. Miezi hii yote mguu huu haujanifaa kwa lolote, sasa umepata kazi. Njoo uniuguze. Mguu ni wangu, ugonjwa tutagawana.

Kitanda unacho, mwambie Profesa. Kile cha chumba cha nyuma, nimekitandika mwenyewe kwa kuchechemea. Bango nimeligeuza. Mama wa duka ameuliza kulikoni, nikamjibu linapumzika.

Njoo upesi. Hiki cha pili nacho nakiona kinabadilika rangi.

Shangazi yako


9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Leo sisemi ni mzima wala si mzima. Nimelala vizuri mara kadhaa wiki hii, na jana nilichekeshwa na kitu nikasikia kicheko kimetoka tumboni. Vidole vinane vinaendeleaje? Unaviosha na kuvikausha katikati kama nilivyokuonyesha, au umemwachia Baba avisomee habari za redio? Vile viatu vyeusi nilivitupa mwenyewe shimoni, usivitafute.

Bado naona aibu nikikumbuka wiki ya kwanza pale nyumbani, jinsi nilivyokuuguza kwa kulala. Umelazwa, wamekukata vile viwili, umerudi na bandeji, nami nilikuwa nasinzia kwenye kiti cha wageni hadi wauguzi wakaniuliza mgonjwa ni nani kati yetu. Ukawajibu, "Wote, ila huyo hana faili." Ningeusoma ukurasa wa pili mwezi wa nne, labda ungekuwa na vidole tisa. Hilo nalijua, na najua hutaki niliseme, ndiyo maana naliandika mara moja tu.

Nimerudi kazini kwa hiari yangu. Si kwa ajili ya bango, nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Profesa alinipokea kwa kusema "likizo imekupendeza," nikamwambia haikuwa likizo, akageukia mgonjwa.

Jumatatu Mama Ustawi alikuja tena. Uchunguzi unarudiwa kila nusu mwaka, kwa sababu ule wa kwanza ulifana mno. Tulikuwa tumejipanga nje ya wodi tunamsubiri Profesa. Akaanza na mimi, kalamu tayari, tabasamu tayari.

"Daktari, hujambo?"

"Ninalo," nikasema.

"Unalo nini?"

"Jambo, mama. Umeniuliza kama sina. Ninalo."

Akacheka kidogo, akadhani natania. Akasogea kwa Mlingoti. "Hujambo?" Mlingoti akamtazama kutoka kule juu aliko. "Mimi pia ninalo." Wa tatu akasema analo. Yule aliyekuwa akitapika mwezi wa tatu akasema analo na lina miezi. Msitari mzima, Shangazi, hatukupanga, hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Profesa akawa amefika, akasimama nyuma yake na mafaili kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa la kuchekea.

Mama Ustawi akaitazama karatasi yake, akaigeuza, akatazama mgongo wake. "Hapa hakuna mahali pa kuandika hilo," akasema. Akafunga kalamu. Akanirudia mimi, na tabasamu halikuwepo tena, ulikuwa uso wa mama wa kawaida aliyechoka, mwenye viatu vinavyomuumiza. Akauliza, "Jambo gani?"

Tangu niingie hospitali hii ni mtu wa kwanza mwenye mshahara kuniuliza swali la pili. Nilijiandaa kwa hotuba ndefu, nikajikuta nasema neno moja. Vitanda. Wengine wakasema yao, naye akaandika pembezoni, juu, chini, mpaka karatasi ikajaa.

Usifurahi sana. Kitanda kimoja kimerudi. Godoro wanasema liko mbioni, na kwa mwendo wao litafika nikiwa mstaafu. Bango la langoni bado lipo, Mkurugenzi bado anacheka, isipokuwa kuna mtu amepanda usiku akafuta HAWA, limebaki MADAKTARI WETU WOTE JAMBO. Walinzi hawajui kama ni kosa au salamu. Profesa siku hizi haniamkii kabisa, anaogopa nitajibu.

Na kwenye korido nauliza kwanza, "Ninyi ni wa nani?" Nasubiri mpaka wanijibu, ndipo nafungua mdomo.

Kiwembe


15 Septemba

Kiwembe mwanangu,

Marahaba. Umeandika "msitari." Ni mstari. Nimekusamehe.

Mimi ninalo. Mguu unawasha mahali ambapo vidole havipo, nami najikuna hewani kama punguani. Baba yako ameniletea fimbo. Niliitupa uani, halafu nikaenda kuiokota kabla mama wa duka hajaiona, na nimekwenda nayo mpaka dukani kwake, nikanunua sabuni nisiyoihitaji. Aliniuliza hujambo. Nilimwambia. Akavuta kiti, tukakaa mpaka jua likazama. Kumbe mwanawe aliacha udaktari kwa sababu alikuwa haamki kwa uchovu. Miaka yote hii tumekuwa tukitunishiana misuli juu ya watoto ambao hakuna aliyewauliza mara ya pili.

Vidole vinane havijambo. Nakiogopa cha tatu, yaani kile kitakachofuata kukatwa. Neno hilo, naogopa, sijawahi kuliandika kwenye barua, ni hili hapa, lisomeke.

Bango bado linatazama ukuta. Utaligeuza mwenyewe siku ukitaka, na usipotaka nyuma yake ni ubao mzuri, mdogo wako atapata rafu ya vifaa vyake.

Sasa wewe. Hujambo? Umejibu? Haya, hilo lilikuwa la Mama Ustawi. La kwangu ndilo hili: una jambo gani, mwanangu?

Shangazi yako